Kasome Barabara

Shule ya serikali niliimaliza nikijua kuandika, kuhesabu, na kusimama wima Mdachi akipita. Hicho cha mwisho ndicho tulichofundishwa vizuri zaidi. Basi wakaniona nina mkono wa kuchora, na bwana mpima, Mdachi aliyeletwa Morogoro kuunyoosha mji, akasema atanipeleka Dar es Salaam nikasomee kazi yake: kupima viwanja, kuchora ramani, kupanga nyumba zikae kwa mistari. Mtaani kwetu Mwembesongo hakuna aliyewahi kusoma kufika huko.

"Elimu nitakupa mimi," akasema. "Tumbo lako si kazi yangu."

Nauli ya gari la moshi, mchele, nguo, mahali pa kulala, vyote nijitafutie mwenyewe, tena kabla ya mwezi wa mfungo kuandama. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Nikaanza kuomba watu. Lo! Kuomba, usiombe yakukute.

Kwanza nikapanda mlimani kwa mjomba, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na ardhi ya ukoo anaishika mjomba. Nikamkuta kizingitini, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kula au kuomba?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akakohoa. "Kupima ardhi? Hapa kila mtoto anajua mpaka wake ni kijito kile na jiwe lile. Mdachi anakufundisha kupima kitu kisichopotea?"

Akanipa muhogo. Mmoja! Nile njiani. Na mtu mwenyewe ana mashamba mpaka yanamshinda kupalilia.

Nikashuka kwa akida wetu. Huyu alipenda maneno kuliko wali. Akaita watu barazani kwake, akawahutubia tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, ati kijana wetu, ati fahari yetu, ati mji wetu. Watu wakalia machozi. Huyu akaahidi mchele, yule mkeka, yule shuka mbili, mikono ikainuka kama ya watoto wanaoulizwa nani anataka halua. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Siku ya kukusanya, nikapita nyumba kwa nyumba: kasafiri, yuko Gairo. Na huyu? Gairo. Na yule wa shuka mbili? Naye Gairo! Wanafiki wakubwa, niliwasikia wakikohoa nyuma ya milango. Akida mwenyewe hakukimbia. Alinitazama usoni, akaniambia yeye ameshanichangia dua.

Nilikuwa nimekata tamaa kabisa aliponiita bibi mmoja mjane, muuza vitumbua, aliyekaa penye kona ya njia. Barazani hakualikwa. Akaniuliza mbona natangatanga, nikamwambia yote. Alikuwa na beberu mmoja tu, anamlea kwa ajili ya hitima ya mumewe. Akamfungua kamba, akampeleka sokoni, akarudi akanitia mkononi alichopata, chote.

"Na hitima, bibi?"

"Marehemu atanisubiri. Nenda kasome, mjukuu wangu. Ila kasome barabara."

Nikasoma. Mdachi yule alikuwa na neno moja tu la kusifu katika Kiswahili chake chote. Mstari ukipinda, kibao cha kisogo. Ukinyooka, "Barabara!"

Niliporudi nimevaa viatu, wa kwanza kuja kunilaki ni wale wa Gairo. "Mtoto wetu tuliyemsomesha!" Mjomba naye akateremka mlimani, akauliza kama kiwanja kizuri cha karibu na stesheni kinaweza kupatikana kwa ndugu. Niliwadharau wote, na nilifurahia kuwadharau. Nilijiona mimi ni mtu tofauti.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa njia pana, iliyonyooka, ya kukata katikati ya Mwembesongo. Nikaichora mezani kwa rula. Mstari ukapita juu ya nyumba ya akida. Bwana mpima akaguna: akida ni mtu wa serikali, sogeza kidogo. Nikausogeza, upana wa kidole. Sikuuliza upande ule pana nini. Karatasi ilikuwa nyeupe.

"Barabara!" akasema, akanipiga bega. Nikaona fahari, mjinga mimi.

Kesho yake asubuhi tukaenda na kamba na vigingi. Nilikuwa nimeinamia namba zangu, sitazami watu, nikatoa amri: kigingi hapa. Nikasikia majivu yakitifuka. Nikainua macho. Kigingi kilikuwa kimesimama katikati ya mafiga matatu, na vitumbua vimemwagika chini. Bibi amekaa kwenye kigoda chake, upawa mkononi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakitazama kigingi, akaifuata kamba kwa macho, moja kwa moja hadi mwisho wa mji, kisha nyuma, mpaka pale ilipoukwepa ukuta wa akida. "Hii ndiyo nini?"

"Barabara, bibi."

Akavua kitambaa kichwani, akakikunja mara mbili, akalinyanyua figa la kwanza bado la moto.

"Haya, nielekeze," akasema. "Niyahamishie wapi?"

Ramani nilikuwa nayo mkononi. Sikuwa nimemchorea mahali.