Mwanne na Santuri ya Ipole

Mwanne anashona mashela na sare za shule mtaa wa Gongoni, Tabora, na wateja wake wamezoea kusubiri wimbo uishe ndipo wapimwe. Nyuma ya cherehani amepanga santuri zaidi ya mia tatu. Hakusanyi kila kitu. Anazitaka zile za miaka ya sabini tu, ngoma za asili zilizopigwa kwa gitaa la umeme linalovuma na kurudisha mwangwi, muziki ambao wakusanyaji wa Ulaya wanauita folki ya saikedeliki na yeye anauita muziki wa kizunguzungu. Amezitafuta minadani na majumbani mwa watu. Huko Lusu, Nzega, aliikuta moja imefunika mtungi wa maji.

Mwaka juzi binti yake Yasmini, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimletea zawadi: santuri mpya kabisa ya Bendi ya Nyuki Ngoma. Ilirekodiwa mwaka 1974, na sasa kampuni ndogo ya Ujerumani ilikuwa imeitoa upya. Mwanne alipiga kigelegele, ingawa ile ya zamani alikuwa nayo. Yasmini akamsomea maandishi ya nyuma ya jalada: mwimbaji hajulikani.

"Hajulikani na nani?" Mwanne akauliza.

Akazipiga zote mbili, moja baada ya nyingine. Ya Wajerumani ilikuwa safi, lakini wimbo wa mwisho ulikatika kabla ya ubeti wa tatu. Bila shaka waliinakili kutoka kwenye santuri iliyoharibika. Ya Mwanne iliendelea. Na katika ubeti huo mwanamke aliimba waziwazi kwamba yeye ni Mektilda, mrina asali wa Ipole.

"Mama! Umeusikia miaka yote hii na hukwenda kumtafuta?"

"Nilijua ameshakufa. Watu wa kwenye santuri huwa wameshakufa."

Wiki iliyofuata alifunga duka, akabeba gramafoni yake ya mkoba inayotumia betri, akapanda basi la Mpanda na kushuka Ipole. Hakupata tabu. Muuza ndizi wa kituoni alimwonyesha nyumba yenye mizinga mitupu iliyoegemezwa ukutani. Uani alikuwapo bibi mmoja anakamua masega, asali imemfika viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umefuata asali, hii yote ina wenyewe."

"Sikufuata asali. Nimekuletea sauti yako."

Santuri ilipoanza kuzunguka, Mektilda aliacha kukamua. Kisha akaanza kuitikia, taratibu, akipiga paja kwa mkono ule ule wenye asali. Hakuwahi kuisikia. Walikwenda kurekodi Nairobi, wakarudi, mpiga gitaa akahamia Kigoma na bendi ikafa kabla santuri hata moja haijafika Ipole.

"Na ule mvumo wa gitaa, kama nyuki?" Mwanne akauliza. "Mliufanyaje?"

"Tuliufanya sisi? Panya alitafuna spika, tukapiga hivyo hivyo!"

Kwa miaka ishirini Mwanne alikuwa akiwaeleza wateja kuwa mvumo ule ulihitaji ufundi mkubwa sana. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Yasmini akawaandikia Wajerumani. Walijibu siku ya tatu, wakaomba radhi, wakaomba kunakili santuri ya Mwanne. Toleo la pili likatoka na wimbo mzima, jina la Mektilda kwa herufi kubwa na picha yake akiwa amekumbatia mzinga.

Lilizinduliwa Agosti iliyopita katika ukumbi wa kanisa, Ipole. Mektilda, mwenye miaka sabini na minne, aliimba na vijana wanne wa kwaya wenye magitaa, na akakataa kushuka jukwaani. Padri alikuja mara mbili kuukumbushia ukumbi wake, maana watoto wa mafundisho walikuwa wanasubiri nje. Mara ya tatu alivua miwani, akaitia mfukoni, akaingia kucheza, na watoto wakamfuata ndani.