Siku Niliyomwacha Mishi kwa Mumiani

Mimi nimewahi kumkimbia mwanangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Najua mtacheka, na chekeni, maana mkasa wenyewe mwanzo wake wachekesha, lakini mimi nikifika katikati hutokwa na jasho hadi leo, na uzee huu wote.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, sisi tukikaa Likoni, upande wa kuelekea Shelly Beach, na kazi yangu ilikuwa kuezeka makuti (nikitembea juu ya paa kama ngedere, na barazani nikijisifu kwamba mimi woga siujui). Mtoto wetu wa kwanza, Mishi, alikuwa na miaka sita. Tangu uchanga wake alikuwa akivimba vidole, macho yakiwa manjano, na maumivu ya mifupa yakimpanda hulia mpaka sauti ikamkauka. Tulikwenda kwa waganga, tukaandikiwa kombe, aya za wino zinazooshwa kwa maji, akanywa, wapi! Mwezi ule midomo ikamwenda nyeupe, hata kukaa hawezi, moyo wake ukiuona unavyoruka chini ya mbavu. Mke wangu akaniambia, "Baba Mishi, twende hospitali, au twakaa tumngoje afe?"

Hospitali yenyewe ilikuwa majengo ya mbao yaliyoachwa na jeshi, na raia wakitibiwa humo. Daktari alikuwa Mhindi, mtu mpole, na dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, Mgiriama wa makamo, jina lake Karisa. Wakamdunga Mishi kidole, tone la damu wakalifunika kwa kigae cha kioo, wakakiziba kandokando kwa nta, wakatuambia tulale pale. Asubuhi daktari akaniita nichungulie kwenye darubini yake. Basi nikaona: baadhi ya chembe za damu ni mviringo, lakini nyingi zimepinda na kuchongoka kama mundu wa kukatia mpunga.

"Hizi zilizopinda," Karisa akanieleza, "hukwama kwenye mishipa, ndiyo hayo maumivu. Tena hufa upesi, ndiyo maana damu imemwishia."

"Na dawa yake?"

Daktari akatikisa kichwa. Ya kuuondoa ugonjwa hakuna, akasema (siku hizi wauita selimundu, wakati ule sisi hatukuwa hata na jina lake), lakini akipewa damu ya mtu leo, huenda akainuka. Asipopewa, alasiri hataiona.

Wakapima ya mamake, ikachanganywa na ya mtoto kwenye kioo, ikakatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Wakapima yangu, ikatulia.

"Ya baba imekubali," Karisa akasema. "Utatoa chupa moja."

Chupa moja! Nyinyi wa siku hizi hamjui, lakini wakati ule pwani nzima ilikuwa ikizungumza mumiani, watu wanaokamata wenzao wakawanyonya damu wakafanya dawa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa bingwa wa kuwasimulia wenzangu. Nikasema, "Inshallah, nitatoa. Ila niende haja kwanza."

Hilo neno moja tu ndilo lililoniponza. Nilitoka mlango wa nyuma (wallahi sikukusudia kutoroka, nilitaka nivute pumzi tu), na nje, juu ya benchi, nikaona chupa zimepangwa, zote zimejaa kitu chekundu. Nikasimama nikazikodolea macho, na nyuma yangu nikasikia, "Baba Mishi, twakungoja," nikageuka, ni Karisa, mkononi ana mpira mrefu na sindano. Nikarudi kinyumenyume, nikalivaa lile benchi, tukaanguka pamoja, chupa zikapasuka, kanzu yangu nyeupe ikawa nyekundu shingoni mpaka miguuni. Ilikuwa dawa ya kuoshea vidonda. Mimi nikapiga ukelele uliotikisa mabati:

"Mumianiii!"

Kina mama waliokuwa foleni na watoto wao wakainuka kwa pamoja kama kunguru. Mmoja alikuwa na mtoto wa kike mwenye macho ya manjano kama Mishi; alimfunga mgongoni kwa leso huku anakimbia, akanipita. Barabarani watu wakiniona nilivyolowa wanatupa vikapu na kunifuata, wengine wameshika mapanga, wengine michi, kila mmoja anauliza wako wapi, wako wapi. Nikafika nyumbani na kundi zima nyuma yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa uani akipepeta mchele. Ungo ukamwanguka. "Umechinjwa?"

"Mumiani, mama! Nimeponea chupuchupu!"

Akanitazama juu hadi chini. "Na Mishi?"

Wenye mapanga wakayashusha.

"Nakuuliza, mkwe wangu. Ikiwa ni mumiani, mwanangu na mjukuu wangu umewaacha na nani?"

Mama mkwe hakunitukana (laiti angenitukana), alijitanda buibui lake akashika njia, nami nikamfuata, na lile kundi likatufuata kimya kama wanaozika. Nilikuwa bado naogopa ile sindano, lakini sasa kulikuwa na hofu kubwa kuliko hiyo: jua lilikuwa limeshapinduka. Tulipokaribia nikatega sikio nisikie kilio cha mke wangu, sikusikia kitu, nikampita mama mkwe mbio.

Nilimkuta mke wangu ameketi sakafuni, mkono wa mtoto uko mkononi mwake. Hakunitazama. Alisema tu, "Bado apumua."

Karisa akanionyesha kitanda cha pili. Nikalala na kanzu yangu ileile, nikafumba macho. Damu ilipokwisha kujaa chupa wakaitundika, ikaanza kumshukia Mishi tone kwa tone, na sisi sote tukawa tunaitazama midomo yake. Adhana ya alasiri ilimkuta hai. Baadaye akafumbua macho, akaniangalia, akasema, "Baba, mbona umejipaka rangi?"

Nilimpa damu mara tatu nyingine, na Mungu alituachia Mishi miaka minne zaidi.

Lakini siku zilizofuata mkasa ule, ile foleni ya hospitali ilikuwa tupu. Mama hata mmoja hakuja. Karisa hakunilaumu, aliniuliza tu, "Yule mtoto mwingine wa macho manjano, wapajua kwao?" Sikupajua. Nikazunguka Likoni kisima hadi kisima nikiuliza, siku ya tano nikaelekezwa nyumba yake. Nikapiga hodi. Yule mama akafungua, akanitambua, akarudi nyuma.

"Dada," nikamwambia, "nilisema uongo. Hakuna mumiani. Tazama," nikamwonyesha mkono palipodungwa, "nimetoa damu, na mwanangu amekula uji leo."

Ndani nilimsikia mtoto akilia kwa ile sauti iliyokauka, naijua.

"Mimi miguu haitanipeleka tena kule," akasema. "Wewe uliyenikimbiza, mbebe wewe."

Nikainama, akanifunga mtoto mgongoni kwa leso yake, nikapita naye barabara ileile hadi kwa Karisa, watu wakinitazama na kunizomea. Tangu siku hiyo nimeapa: penye mtoto mgonjwa, neno nisilolijua ukweli wake halitoki kinywani mwangu.