Kwenda Maskati Kufuata Jibu la Mama

Mimi si mtu wa safari. Ningepewa hiari yangu ningebaki Unguja na chaki zangu na wanafunzi wangu na kelele zao. Kilichonitoa nyumbani ni sauti kwenye simu. Salha, binti wa marehemu mama yangu mdogo, anaishi Maskati, na siku moja alinitumia rekodi ya mkusanyiko wa kina mama wa huko. Bibi mmoja wa Kimarekani, mtunzi na mchapishaji wa vitabu, alikuwa akisoma shairi la Kiswahili kwa matamshi ya Unguja Mjini hasa. Nikampa mama asikilize, nikidhani atacheka tu.

Mama yangu, Bi Zuwena, macho yake siku hizi yanaona mwanga tu, lakini kwa masikio usimchezee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo Hana. Na shairi hilo langu."

Shairi lenyewe ni hili:

Umeondoka mwandani, nimebakia kungoja,
Kiti chako ukumbini, hakikaliwi na mja,
Chai imo birikani, na vikombe si kimoja,
Nambia ni siku gani, kwa jina lake Mmoja.

Hana alikuja Unguja kijana, kufundisha skuli, akakaa kwetu miaka miwili. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Mama alimfunza Kiswahili, akamfunza na kuhesabu mizani kwa vidole. Alipokwenda zake kwao, mama akamtumia ubeti huo kwa posta. Sasa, kwetu shairi likikufikia unalijibu, kwa vina vile vile. Kunyamaza ni kumfungia mtu mlango usoni. Jibu halikuja. Mama akasema barua imepotea njiani, na kwa neno hilo alimsamehe Hana umri mzima. Kiti kile hatukuruhusiwa kukikalia. Nimekulia juu ya mkeka kwa ajili ya kiti cha mtu nisiyemjua, na wallahi nilimchukia.

Na sasa mama amejua kuwa barua ilifika. Chakula cha usiku hakukigusa. Asubuhi akaniambia likizo ikianza niende Maskati nikamletee jibu lake, kabla hajafa yeye au hajafa Hana.

Siku ya kuondoka nilimuuliza nimpelekee nini mgeni wake wa zamani: halua, vileja, kanga? Mama aligeuza uso. "Sina cha kumpelekea. Zamu ni yake."

Maskati nilifika alasiri. Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, joto lilinipiga usoni kama ninayefunua chungu. Salha alikuwa ananingoja, akanipeleka kwake Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Nilijitayarisha kwa ugenini, nikakuta harufu ya pilau na watoto wanaojibu kwa Kiarabu wakigombezwa kwa Kiswahili. Salha anagomba sawasawa na marehemu mama yake, mpaka nikamtazama mara mbili. Nilimwambia nimekuja kumpa yule bibi vidonge vyake. Akanisihi nisimfokee mtu mzima, tena anayependwa na kila mtu hapa.

Siku ya pili Salha alikuwa na kazi wizarani, kule Maskati ya zamani, akanichukua nisikae peke yangu. Tulipita njia ya pwani, mlima huku na bahari huku. Mji ule msafi, kuta nyeupe, na mtu wa kutembea kwa miguu humwoni. Nilikaa ndani ya gari nikimngoja, nikipanga maneno yangu: nitaanza na kiti, kisha macho ya mama, kisha ule usiku aliokataa chakula. Nilikuwa na hotuba nzima.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, tukaenda Ansab. Bi Hana amepewa chumba katika nyumba ya jamaa wenye asili ya Unguja, waliomwalika akusanye mashairi ya kina mama kwa kitabu anachosema ndicho cha mwisho. Nilitarajia jibibi la kizungu lenye sauti kubwa. Nikakuta kibibi chembamba, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, kanga mabegani. Nikasema shikamoo kabla sijajizuia. Akaitika marahaba, akauliza mimi ni wa nani. Nilipotaja jina la mama, alitafuta kiti kwa mkono.

Hotuba yangu sikuisema. Nilimuuliza tu mbona hakujibu.

Alinihadithia alivyorudi kwao, mji mdogo wa baridi, akaandika mashairi yake akayapeleka kwa wachapishaji, wote wakamrudishia. Basi akanunua mashine kuukuu ya kuchapia kwa mkono, akaiweka kwenye banda la gari. Barua ya mama ilimfikia wiki ile ile. Kitu cha kwanza kuchapa maishani mwake kilikuwa ubeti ule. Herufi zilikuwa za madini ya risasi, zinapangwa moja moja, na kasha la herufi lilitengenezwa kwa Kiingereza, kisichotaka *k* nyingi wala *a* nyingi kama sisi. Mistari miwili tu, herufi zikamwishia. Akaichapa hiyo, akazifumua, akapanga miwili iliyobaki, akairudisha karatasi mashineni. Kutokea hapo akachapa mashairi yake, kisha ya watu wengine waliorudishiwa kama yeye, wengi wao leo wana majina makubwa. Umri wake wote umepita kwenye banda lile, mpaka vidole vikakataa.

Akanitolea karatasi ile ya kwanza. Chini pameandikwa: Zuwena wa Unguja. Mistari miwili ya chini imekwenda upande kidogo. Nikaona aibu kwa chuki yangu, na bado hasira haikuniisha.

"Nilidhani nimejibu," alisema. "Kwetu, swali lililomo kwenye shairi haliguswi. Kulijibu ni kuliharibu. Nikaona heshima ni kulichapa vizuri."

"Mama alitaka siku, Bi Hana. Alikuuliza siku gani."

Alilia pale pale, bila kujificha, na mimi nikalia naye. Salha akaenda kutazama chai isiyokuwa na haja ya kutazamwa. Tulipoondoka Bi Hana aliniomba nirudi baada ya siku mbili.

Siku ya tano nilimkuta kibarazani, vidole vyake vibovu vinahesabu mizani gotini. Hakunipa karatasi. Alisema karatasi ndiyo iliyomponza, na isitoshe Zuwena haoni. Jibu liende kwa mdomo. Nikakaa mbele yake kama mtoto wa chuo cha Kurani, akinisomea, nikirudia. Njia nzima ya kurudi Khuwair Salha alinicheka, mwalimu mzima nakosea mstari wa pili.

Safari ya kurudi sikulala wala sikuzungumza na jirani yangu ndegeni. Nilichelea neno lisinidondoke juu ya bahari.

Unguja nilifika asubuhi. Mama alikuwa ukumbini, kanga mpya, amekaa wima. Hakuuliza habari za Salha wala za Maskati. Nikamsomea:

Nimechelewa mwandani, kukujibu beti moja,
Nalitia kitabuni, kumbe wewe waningoja,
Niwekee ukumbini, kile kikombe kimoja,
Nitakuja Ramadhani, tufuturu kwa pamoja.

Vidole vyake vilikuwa vinahesabu. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu midomo yake ilikuwa inatangulia yangu.

Nilikwenda nikidhani nnamfuata mtu mwenye kosa. Niliyoyaona ni kuwa watu wawili wanaweza kupendana umri mzima, kila mmoja akashika adabu ya kwao, na adabu hizo mbili zikawaweka mbali. Nikamwambia mama hayo. Hakuwa akinisikiliza.

"Ramadhani ya mwaka gani?" aliuliza. "Hakusema."

Nilikuwa nimemwona Bi Hana anavyoshikilia ukuta akipanda ngazi tatu. Nikasema labda ya mwaka huu, inshaallah.

Mama akanyoosha mkono, akakipapasa kile kiti cha Hana, akakivuta karibu na chake.

"Basi kaa wewe hapo kwanza," alisema, "unisomee tena."