Mursik ya Mshindi Asiyekuwepo

Jumamosi iliyopita vijana wa kanisa letu hapa Kimulot walishindana kwa maswali na wenzao wa Sigowet. Refa nilikuwa mimi, mwalimu wa historia. Wakatoka sare, nikatoa swali la mwisho: katika vita vya Zorndorf huko Ulaya, karne ya kumi na nane, Prussia walipopigana na Urusi, nani alishinda?

Kimulot wakasema Prussia. Chebet wa Sigowet akasema hakuna aliyeshinda.

Nikamcheka kwa maikrofoni. "Dada, hata mpira huwa na penalti."

Nilikuwa na uhakika, maana nilisoma kwamba Prussia walifanya ibada ya shukrani kwa ushindi. Huku kwetu nani hufanya shukrani kabla ya kupata? Nikaacha kusoma hapo hapo. Basi nahodha wa Kimulot akapewa kibuyu cha mursik, yale maziwa lala tunayompokea nayo mshindi, akanywa mpaka akaota masharubu meupe.

Ndipo Pasta akainua simu yake. "Mwalimu, hapa wanasema Urusi pia walifanya shukrani. Kila upande ulidai ushindi, na hakuna aliyeshinda."

Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Mama Chepkoech, mwenye kibuyu, akaangua kicheko. "Mursik bado iko. Wape Sigowet nao washukuru. Wewe mwalimu utakunywa ikibaki."

Nikashusha pumzi.

Haikubaki.