Mashua ya Bati Nyuma ya Jiko Letu

Mwaka nilioachika ndio mwaka baba alionunua mashua ya bati. Mimi nilirudi nyumbani kwetu Mkoani, Pemba, na sanduku langu la nguo, na haukupita muda mrefu nayo ikaja, imewafunika vichwa wachukuzi wawili wa bandarini, miguu yao tu ndiyo inayoonekana. Watoto waliifuata mpaka mlangoni wakipiga makelele kuwa sufuria la harusi limefika.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu hapo baba alikuwa mtu wa kukaa. Akiamka, akiswali, akikaa kwenye kibao chake nyuma ya jiko, na pale pale jua lilimkuta na pale pale lilimwacha. Mtumbwi wake wa mti ulikuwa ukioza ufukweni, kwani magoti yake yaliingiwa na baridi yabisi na hakuweza tena kuukokota peke yake. Ndugu yake aliyekuwa akivua naye alihamia Tanga. Nilipika, nilifua, nilimwekea chakula mbele, naye akikitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Mashua ile ilikuwa ya serikali. Mabwana wa ofisi ya wilaya waliitumia kufikia meli zilizotia nanga nje, kisha ikachakaa, ikatupwa nyuma ya ghala, na mwisho ikapigwa mnada pamoja na viti vilivyovunjika. Sijui baba alikwenda mnadani kufanya nini. Aliuza mbuzi, akaipata. Ilikuwa ya alumini, lakini neno hilo hatukulijua. Kwetu ilikuwa bati tu.

"Shika upande huo," aliniambia siku ya kwanza.

Nikashika. Tukainua. Ikapanda juu bila taabu, mimi na mzee mwenye magoti mabovu, na baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nirudi.

"Unaona?" akasema. "Mie na weye tu. Hatumhitaji mtu."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa na kisa chake. Zama zile siasa ziliingia Pemba kama maji yanavyoingia chomboni, polepole, kisha ghafla umeketi majini. Watu waligawana vyama. Mwenye duka wa chama hiki hakumuuzia wa chama kile, na aliyeuziwa hakununua. Nyumba ya nne kutoka kwetu alikaa fundi wa magari ya abiria, sahibu wa baba tangu ujana wao. Walicheza bao pamoja, walifuturu sinia moja. Kisha huyu akachukua kadi hii na yule akachukua kadi ile. Mama alipofariki, fundi hakuja mazikoni. Baba alisimama kaburini akitazama njia, mpaka udongo ukaisha. Kuanzia siku hiyo jina la mtu yule halikutajwa nyumbani kwetu.

Basi tukaanza kazi, sisi wawili. Tuliilaza mashua kifudifudi juu ya magogo ya mnazi, tukakwangua rangi kwa visu vikuukuu na vipande vya chupa. Juu ilikuwa kijani, chini yake nyeupe, chini ya nyeupe kijivu ngumu kama jiwe. Magamba ya rangi yaliingia kwenye kucha, yaliingia kwenye nywele, kuku waliyadonoa. Niliyafagia kila jioni na kila asubuhi yalikuwapo mengine. Lakini baba alikuwa akizungumza! Mkono ukikwangua, mdomo unasema. Alinihadithia kuwa mama alipoposwa aliambiwa mwanamume huyu ni bahili, akapeleka mtu kuchungulia jikoni kwa mama mkwe wake kuona kama kuna nazi za kutosha. "Zilikuwa zimeazimwa," baba akasema. "Zote." Akaacha kukwangua, akapangusa uso kwa mkono wenye rangi.

Tulikuwa na mpango. Mashua ikiwa tayari, atanivusha mpaka miambani maji yakipwa. Mimi nitachokoa pweza, yeye atatupa mshipi wa kuvulia karibu nami, na tukirudi tutaibeba wenyewe hadi nyumbani. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto. Niliushika mpango ule kwa mikono miwili.

Rangi ya kijivu ilikataa kutoka. Ndipo baba alipokumbuka soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo wanawake wa kwetu waliichanganya na mafuta ya nazi. Tuliikoroga majini, tukaipaka kwa burashi ya makumbi ya nazi. Ilichemka. Nakwambia ilichemka yenyewe bila moto, ikatoa povu na mvuke wa kukata pumzi, na rangi ikaanza kubambuka kama ganda la muhogo uliopikwa. Tulishangilia. Mikono yangu iliungua, na alama mpaka leo ninazo, lakini sikujali. Tulipomwagia maji, mashua ilikuwa tupu, rangi yake nyeusinyeusi, na ukipitisha kiganja unahisi vishimo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui.

"Hiyo ni kutu ya zamani," baba akasema. "Ilijificha chini ya rangi."

Tuliamini hivyo. Hatukujua kuwa soda ilikuwa haili rangi peke yake.

Misumari mingi iliyounganisha mabati ilikuwa imelegea. Baba aliing'oa, akaweka ya shaba, kwa sababu kila mtu wa pwani anajua kuwa shaba haishiki kutu na ndiyo misumari ya chombo cha heshima. Aliipata kwa fundi wa majahazi, akaigongelea mmoja mmoja, mimi nikishikilia nyundo nyingine upande wa ndani. Kisha akapika deheni, mafuta na chokaa, kama alivyofundishwa na babaake, akaipaka chini yote. Juu tukapaka rangi ya buluu. Hakuna dawa aliyoijua ambayo hakuipa mashua ile. Nimewahi kumtazama mtu akimuuguza mgonjwa kwa upendo namna hiyo, na ilikuwa ni yeye huyo huyo, kwa mama.

Tuliishusha maji yakiwa yamejaa. Ilielea kama jani. Baba alipiga kasia mara chache akageuka kunitazama.

Kwa muda ilikuwa hivyo. Tulikwenda miambani, tukarudi na pweza, tukala, tukauza. Baba alinenepa kidogo. Alianza tena kukaa barazani na kuitikia salamu za wapitao, wale aliokuwa akisalimiana nao.

Kisha nikauona unga. Nilikuwa nikiisuuza mashua kwa maji ya kisima, nikaona kila msumari wa shaba umezungukwa na duara la unga mweupe, laini kama wa muhogo. Nikaufuta. Baada ya safari mbili tatu ukarudi. Nikaugusa kwa ukucha na bati likadidimia.

Nilimwita baba. Alipiga magoti kwa taabu, akatazama kwa muda mrefu.

"Chumvi hiyo," akasema.

Tukaibandua rangi upya, tukaipaka deheni nyingine, nene zaidi. Haikusaidia. Maji yakaanza kuingia. Kwanza ya kulowesha kisigino, kisha ya kuteka kwa kata. Baba alikuwa hasemi tena akifanya kazi. Kila tundu aliloliziba lilizaa mawili pembeni. Usoni mwake nilianza kumwona yule mtu wa kwenye kibao akirejea, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa maji.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi wa magari. Nilipita nyuma ya nyumba, nikampata uani ananyoosha ubavu wa bati wa gari la abiria, bati jeupe la aina ile ile.

"Shikamoo, ami."

Hakuinua kichwa. "Marahaba. Babaako kakutuma?"

"Hakunituma. Hajui kama nimekuja."

"Basi rudi kabla hajajua."

Nikasimama. Nikamweleza vyote, soda, misumari, unga. Alikuwa akigonga bati lake kana kwamba nazungumza na ukuta. Nilipogeuka kuondoka, nyundo ikanyamaza.

"Shaba na bati hilo hawakai nyumba moja," akasema. "Ukitia maji ya chumvi, shaba inalila. Aing'oe yote. Na hiyo chokaa aikwangue, na soda asiiguse tena. Mwambie alete mashua, nnayo misumari ya bati lenyewe." Akainua nyundo tena. "Asilete yeye. Lete weye."

Nilirudi nikikimbia. Nilimkuta baba nyuma ya jiko, nikamwambia: shaba ndiyo inayokula bati, tuing'oe.

"N'nani kakwambia?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamtaja.

Baba aliweka nyundo chini taratibu. "Mtu ambaye hakuweza kumtupia mke wangu udongo kiganja kimoja," akasema, "leo anataka niing'oe misumari chomboni mwangu. Kwani anataka nini, mwanangu?"

"Anasema anayo mingine, baba. Atatupa."

"Anataka nizame. Wakae barazani wacheke, wale wa kwao."

"Baba, niliona kwa macho yangu. Unga..."

"Basi!"

Hakuwahi kunikemea tangu utotoni. Niliingia ndani nikakaa kwenye kitanda cha mama. Alfajiri yake nilimsikia akigonga tena, na nilijua bila kutazama kuwa anaongeza misumari ya shaba.

Siku balaa lilipotokea hakukuwa na upepo wala wimbi. Tulikuwa tunarudi kutoka miambani, maji yanajaa, kapu langu lina pweza wazuri. Nilisikia sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanwa. Kiraka alichokipigilia baba karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kilifunguka upande mmoja, na misumari yake ikabaki imening'inia, yenyewe mizima, inang'aa, bati limeisha pembeni yake. Nikateka maji kwa kata, kisha kwa kapu, pweza wote nikawamwaga. Baba alivuta makasia bila kugeuka nyuma. Watu walikuwapo ufukweni, niliwaona. Zamani mtu yeyote angeshusha mtumbwi. Siku ile walisimama wakatazamana, kila mmoja akingojea wa chama chetu aende, na wa chama chetu labda hawakuwapo.

Ilizama karibu na mikoko, palipo na kina cha kifua. Nilimshika baba kwapani, tukatembea kwenye tope. Viatu vilibaki humo, makasia yalichukuliwa na maji. Tulipofika pakavu aliketi, tope limemganda mpaka kiunoni, akatazama mahali ambapo mashua ilikuwa haionekani tena.

"Yule bwana alisema kweli," akasema.

Siku ya Ijumaa alivaa kanzu yake nyeupe, akajipaka mafuta kichwani, akatoka. Hakuniambia anakwenda wapi, ila nilitazama dirishani, nikamwona anahesabu nyumba kwa macho, akapunguza mwendo kwenye ya nne. Alipiga hodi. Alipiga tena. Jirani akatoka kumwambia kuwa fundi kaondoka na wake na watoto, kapakia vyombo melini, yasemekana kakimbilia Tanga. Watu wengi waliondoka vile siku zile, bila kuaga. Baba alisimama mlangoni pale akiushika ubao, kisha akarudi kwa njia ile ile, kanzu yake ikikokota vumbi.

Hakwenda baharini tena. Samaki tulinunua. Mashua ilionekana kila maji yakipwa sana, imelala ubavu kwenye tope, buluu yake ikizidi kuwa nyeupe, na hakuna aliyejisumbua hata kuichukua.

Baadaye nikaposwa na mkulima wa kijiji cha Ole, mjane mwenye watoto, na baba akakubali upesi mno, kama mtu anayetua mzigo. Nilikuwa nikimtembelea kila nipatapo nafasi ya gari. Nilimpikia, nikamfulia, nikamkuta kwenye kibao. Mara ya mwisho nilipomkuta hai aliniuliza kitu kimoja tu, muhogo wetu umeotaje. Nikamweleza muhogo, mashina yake, nguruwe wanaoingia usiku, mvua ilivyochelewa. Sijui kama alisikia. Niliendelea kusema mpaka honi ya gari ilipolia njiani, nikabusu mkono wake, nikaondoka.