Mashahidi wa Saa Tatu

Walimwita Bi Pindo kwa sababu hakuweza kupita karibu na nguo iliyofumuka akanyamaza. Alikuwa fundi cherehani, na alikwenda nchi ya watu kutazama maonyesho ya mashine za kushonea. Siku moja kabla ya kurudi akaibiwa mkoba. Ndani mlikuwa na pasipoti, kitambulisho na simu, yaani kila kilichomfanya awe mtu mbele ya serikali. Ndege yake ilikuwa kesho asubuhi. Mama yake, asiyeona, alikuwa kwa jirani, na jirani alikuwa anahama keshokutwa.

Ubalozini, karani wa dirishani alimpokea kwa upole wa mtu aliyekwisha kukataa.

"Mama, hati ya dharura ipo. Ila bila kitambulisho, raia wawili wanaokufahamu lazima wasaini fomu."

"Mji huu simjui mtu."

"Basi nenda ukawatafute."

"Siendi popote, mwanangu. Hapa ndipo kwetu, bendera nimeiona getini."

Akarudi kwenye benchi, akajibana katikati ya dereva wa lori aliyekuja kubadilisha pasipoti iliyojaa na muuguzi aliyekuja kugongewa muhuri vyeti vyake.

"Wanangu, mna haraka?"

"Haraka tumeiacha getini, mama," alisema dereva.

"Basi nataka mnifahamu. Wewe weka mguu hapa, suruali yako inaburura."

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni na kuanza kupinda, huku akijieleza. Shule aliachia darasa la sita, baba alipofariki. Cherehani alirithi kwa shangazi, nayo pedali yake huchechemea. Miaka thelathini na mmoja ameshona sare za watoto wa watu. Mume alitoka kwenda kununua balbu. Mwaka wa kumi na nne huu hajarudi, na balbu Bi Pindo alikuja kuinunua mwenyewe.

Saa saba wote watatu wakasimama dirishani.

"Mnamfahamu tangu lini?" karani aliuliza.

"Tangu saa tatu," alisema dereva.

"Saa tatu ya lini?"

"Ya leo."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, hapa si mahali pa mzaha."

"Fomu inasema wanaonifahamu. Nionyeshe inaposema tangu lini."

Karani akaisoma mbele, akaigeuza nyuma. Haikusema.

"Sasa waulize," alisema Bi Pindo.

"Mumewe yuko wapi?"

"Anatafuta balbu," alijibu dereva. Foleni nzima ikacheka.

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama yake," alisema muuguzi, bila kucheka. "Haoni, na jirani anahama keshokutwa. Kwa hiyo tufupishe."

Karani akatafuta swali jingine, akakosa. Kabla ya saa tisa hati ilikuwa imegongwa muhuri. Bi Pindo akaikunja, akaitia kifuani, wala hakuondoka.

"Mama, si umeshapata?"

"Nimepata. Mkono wa shati lako umefumuka."

"Niko kazini, mama."

"Na mimi pia. Ulete hapa."

Karani akaitazama foleni, foleni ikamtazama. Akapitisha mkono dirishani.