Firigisi ya Baba Mkwe na Chakula cha Meli

Niseme mapema kabla hujanitambua mwenyewe: mimi ndiye yule mama aliyelia kwenye meli kwa sababu ya kipande cha kuku. Kama habari ilikufikia Kyela au hata Mlowo na ukacheka, ulicheka kwa haki, maana hata mimi siku hizi nikipalilia peke yangu nacheka mpaka naegemea jembe. Ila walioisimulia walisema nililia kwa uchoyo, na hapo ndipo ninapotaka kuinyoosha kidogo, halafu aibu iliyobaki ni yangu, naikubali.

Mimi ni mkulima wa kahawa, kwetu ni Itaka, huko Mbozi, shule niliishia darasa la saba. Lakini meli ya Ziwa Nyasa naijua kuliko majirani zangu wote, ambao maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya mto wakati wa masika. Sababu ni marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa Liuli, akaja Mbozi kwa kazi ya useremala, akanioa, na kila mwaka tukishauza kahawa tulikuwa tunashuka Kyela na kupanda meli kwenda kuwasalimia wazazi wake. Alipofariki ndugu zake waliomba azikwe kwao, nami sikukataa, kwa hiyo sasa naenda peke yangu, nafagia kaburi, nakaa na wakwe siku chache, narudi.

Kwa safari zote hizo nadhani nina haki ya kuwa na maoni, na ninayo mengi. Daraja la chini, ukiwahi nafasi karibu na ukingo, ni pazuri kuliko vile vyumba vya juu, maana kule unalipia kitanda na harufu ya dizeli unapewa bure. Chai yao ni maji yaliyoonyeshwa majani. Wali unaiva vizuri, sisemi uongo, lakini samaki wao sijui ni wa namna gani, wote wana mkia na hakuna hata mmoja mwenye kichwa. Na bei yake, kwa hela ya sahani moja ya meli, pale Mlowo unakula wewe na mwenzako na mnafungasha. (Mume wangu alikuwa akinisikia hivyo ananiuliza, "Mama Ezekia, unasafiri au unakagua?") Hata hivyo napenda meli. Hakuna pa kulima, hakuna anayekuja kunipa pole, unakaa tu na maji yanapita, na huzuni yenyewe inakaa kando yako kwa adabu kama abiria mwenzako.

Sasa mwaka jana nikaamua jambo dogo kabisa: safari hii sinunui chakula cha meli. Nilikuwa na hotpoti mbili za bluu zinazofanana kama mapacha, nilizinunua Tunduma kwa mama mmoja wa upande wa Zambia aliyekataa kabisa kuniuzia moja. Ya kwanza nikajaza viazi vitamu na maharage, chakula changu cha njiani. Ya pili nikaweka kuku wa baba mkwe.

Huyo kuku lazima nimweleze. Kwetu kuku wa mkwe hafiki na pengo. Anafika na mapaja yote mawili, mabawa, shingo, mgongo, na zaidi ya vyote firigisi, kwa sababu firigisi ni ya mzee wa nyumba na hakuna mwingine anayeigusa. Mimi huwa nambanika kwa moto mdogo mpaka anakauka, ndipo anavumilia safari. Tukifika Liuli mume wangu alikuwa anaitoa ile firigisi mwenyewe, anaiweka kwenye kisahani, anampelekea baba yake kwa mikono miwili. Siku ya mazishi baba mkwe alikaa ameegemea ukuta kutwa nzima, na jioni akasema mara moja tu, "Sasa firigisi yangu ataileta nani?" Tangu hapo naileta mimi. Najua ni kipande kidogo, lakini kikiingia mlango ule naona kama mume wangu naye ameingia.

Basi tukaondoka bandarini asubuhi, ziwa limetulia, na mchana njaa ilipouma nikafungua viazi. Huwezi kufungua chakula mbele za watu ukala kama hujawaona, kwa hiyo nikasema karibuni, na kwetu milimani ukisema karibuni watu wanajibu asante, starehe, nawe unaendelea kula. Wale wa mwambao hawakujibu asante. Walikuja. Alikuja mama mmoja aliyekaa na magunia ya dagaa, akaja kijana muuza vitunguu, na akaja babu mmoja wa koti la kijivu, ambaye alinawa mikono kwa utaratibu kabisa kama aliyealikwa tangu juzi. Sikuchukia, kusema kweli nilifurahi, na furaha ndiyo iliyoniponza, kwa sababu nikaanza kutoa maoni. Nikasema kwa sauti, mimi mpole niliyezoea kukaa kimya, kwamba viazi hivi ni bora kuliko kile chakula cha jikoni kwao cha bei ya harusi, na ile hadithi ya chai na majani nikaisimulia, na hadithi ya mikia ya samaki pia. Watu wakacheka. Wengine wakasogea, na mmoja aliyechelewa kufika akauliza sahani ni bei gani.

Mfanyakazi wa meli akalisikia hilo swali. Akaja akaniambia, kwa heshima lakini mbele ya watu wote, kwamba humu kuuza chakula ni kazi ya jiko la meli tu, na kwamba niende nikamweleze mkubwa wake. Nikamwambia siuzi. Akasema wote husema hivyo. Basi ili dunia nzima ijue kwamba siuzi, nikasimama nikatangaza, "Hapa hakuna bei. Kuleni, ni bure, msinisubiri." Kisha nikamfuata ngazini, kichwa juu, kama mtu mwenye akili.

Huko juu mkubwa wake alinielewa mara moja, hata akaniomba radhi. Tatizo lilikuwa chini. Viazi viliisha, watu wakaona hotpoti ya pili iliyofanana na ya kwanza, na mwenye chakula mwenyewe ameshatangaza kuleni msinisubiri. Wakafungua. Nao walikuwa watu waliofunzwa kwao, hawakurukia tu. Walitafuta firigisi kwanza, na kwa kuwa mtu mzima pale alikuwa ni yule babu wa koti la kijivu, wakampa.

Nikakuta anatafuna. Kuku aliyesalia alikuwa bado mzima, kila mtu anasubiri mzee aanze, na mzee ameanza. Alipoiona sura yangu akatabasamu kwa shukrani, shavu moja limevimba, akasema, "Watoto wa Mbozi mmelelewa, mwanangu." Huwezi kumwambia mtu mzima ateme. Nikakaa chini juu ya mzigo wangu na machozi yakaanza kutoka yenyewe, na nikiyafuta yanazidi, mimi ambaye hata kaburini huwa najitahidi kulia bila sauti.

Kijana wa vitunguu akashangaa. "Si ulisema bure, mama?" Kutoka nyuma nikasikia mwingine akiwaeleza wenzake kwamba yule mama analilia firigisi, na ile habari ikapanda ngazi kwenda juu, kwa sababu muda si mrefu vichwa vikaanza kuchungulia kutoka daraja la kwanza. Yule babu naye akaacha kutafuna, kumeza hawezi na kutema hawezi, akabaki ananitazama na lile shavu lake. Nikaona heri niseme. Nikawaeleza wote habari ya mume wangu, na baba mkwe, na ile jioni ya mazishi.

Babu akasema taratibu, "Nisamehe, mwanangu. Tena bado haijashuka."

Watu walijitahidi wasicheke, wakashindwa, na mimi mwenyewe nikashindwa huku bado nalia, ikawa fujo ya ajabu. Ndipo mama wa dagaa akasema kwani jikoni hawapiki kuku wa hao wa vyumba vya juu? Si wana firigisi? Babu akasimama akanishika mkono, akasema anakuja kuniombea mwenyewe. (Alikuwa bado anatafuna, na ninakuhakikishia alitafuna mpaka bandari ya Lupingu, niliona lakini sikutilia maanani.)

Mpishi wa meli ni mama mnene wa makamo, wanamwita Anti Zaina, na miaka yote hiyo nilikuwa naijua mikia ya samaki wake tu, sura yake sikuijua. Alitusikiliza huku akikoroga sufuria, akamaliza, akanipima kwa macho. "Wewe ndiye mama wa maji yaliyoonyeshwa majani?"

Nikasema ndiyo. Ningekana, lakini sijui kukana, ndivyo nilivyoumbwa, na tena sauti yangu ilikuwa imeshafika huko kabla yangu. Akacheka kidogo kwa pua. Akachota firigisi moja kutoka kwenye mchuzi wake wa nyanya na vitunguu, akaiweka kwenye bakuli lenye kifuniko, na nilipotaka kulipa akaurudisha mkono wangu. "Hii haina bei. Ila ukifika kwa mkweo, useme umeitoa wapi."

Nikaahidi. Tulipokaribia Liuli nikawa nayarudia maneno ya kusema, nikipanga kwamba nitamwambia kabla hajala, kwa sauti ndogo, sisi wawili tu. Kumbe nyumba ilikuwa imejaa, ndugu wamekuja kwa ajili ya kumbukumbu ya marehemu, na walivyonipokea na kuomba dua na kuulizana hali, baba mkwe alikuwa ameshakaa kitini pake anautazama mlango. Nikaleta kisahani kwa mikono miwili. Kabla sijafungua mdomo, yeye alikuwa ameshafungua wake.

Akafumba macho. Akatafuna kidogo tu, akameza, akayafumbua. "Mama Ezekia," akasema mbele ya ukoo mzima, "leo umepika."

Leo. Wifi zangu wote wakanigeukia. Nilitamani sana kunyamaza, naapa, sifa ile nilikuwa nimeitafuta tangu nilipoolewa. Lakini nilikuwa nimemwahidi yule mama, na kitu kilichokuwa kikipitia mikono ya mume wangu siwezi kukitia uongo. Nikapiga magoti nikasema yote, viazi, kutangaza bure, babu wa koti la kijivu, kulia, jiko la meli. Nikamaliza nikangoja.

Baba mkwe akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. Akasema, "Mwanangu, meno yangu yalikwisha kabla mume wako hajafa. Hizo firigisi zenu za kukausha nilikuwa nazikalisha shavuni, mkigeuka natia mfukoni, paka anajua mengine."

"Miaka yote hiyo, baba? Mbona hukusema?"

Akakitazama kile kisahani. "Ningemwambiaje? Alikuwa ananiletea kwa mikono miwili."

Hapo nyumba nzima ililia na kucheka kwa pamoja, hata mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike tulimzungumzia mume wangu mpaka chakula kikapoa. Kesho yake tulifagia kaburi wote, baba mkwe ameketi pembeni anasimulia kwa kila aliyepita njiani habari ya yule babu aliyekwama na firigisi ya Itaka.

Nikiwa narudi niliingia chumba cha kulia cha meli, nikaagiza wali na samaki, nikalipa bei ile ile ya harusi (hilo silifuti, bei ni kubwa, na chai bado wanaionyesha majani tu). Anti Zaina aliniletea sahani yeye mwenyewe. Samaki alikuwa na kichwa. Nikamwambia alichosema mzee, neno kwa neno, naye akageuka haraka kana kwamba kuna kitu kinaungua jikoni.

Basi nimeapa, sitafungua tena chakula mbele ya watu wa mwambao kama sijakusudia kiliwe, na sitatangaza tena kitu chochote nikiwa nimesimama. Na kuku wa mwaka huu nitambeba mzima kama kawaida, ila firigisi yake itapikwa jikoni kwa Anti Zaina, tumeshakubaliana. Ile ya kubanika nimeacha kabisa, ingawa namhurumia yule paka.